Nuru na Maji

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya nuru ni moja tu, nayo ni kuonyesha. Jua likichomoza huonyesha njia, taa ikiwashwa huonyesha sura, na radi ikimulika huonyesha mnazi ulioanguka usiku. Kazi hii ni kubwa, wala hapana mwenye macho aikanaye. Walakini nuru ina kazi ya pili, iliyo kimya, na wachache huifikiri. Nuru hukibadili kitu inachokipiga. Kitambaa chekundu kikiachwa juani hupauka. Mafuta yakiwekwa dirishani huchacha upesi kuliko yaliyofichwa kabatini. Ngozi ya mvuvi huiva. Katika mambo hayo yote nuru haikupita kama mgeni apitaye njia. Imevunja kitu au imeunga kitu, na alama yake hubaki baada ya yenyewe kuondoka. Mtu aliyejifunza kuitawala kazi hii ya pili amejifunza kuandika bila ya wino.

Nataka kueleza katika insha hii jinsi nuru inavyotumiwa kuzipanga chembe ndogo sana zing'arazo, ambazo wanakemia huziita nukta za kwanta. Nimeishi na kazi hiyo kwa miaka kadhaa, nayo imenifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu utoto wangu: kwamba nuru huandika, lakini maji ndiyo huthibitisha. Sitaweza kulieleza jambo hilo kwa haki pasipo kukiri kosa langu. Kwa hiyo msomaji anisamehe nikianza mbali na maabara, katika chumba cha giza mjini Tanga.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha. Katika miaka ya 1990, wakati picha za rangi zilipokuwa zimekwisha kuenea mjini, yeye alikuwa bado akisafisha picha nyeusi na nyeupe kwa mikono yake, katika chumba kidogo nyuma ya duka, chenye taa nyekundu, beseni tatu na bomba la maji. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na kila nilipotoka shule nilimsaidia. Huko ndiko nilikojua kuwa karatasi ya picha imepakwa chumvi ya fedha, chumvi isiyoweza kuvumilia mwanga. Mwanga ukiigusa kidogo tu, hubaki alama isiyoonekana. Dawa ya beseni la kwanza huikuza alama ile mpaka ikawa fedha nyeusi. Dawa ya beseni la pili huizuia ile ya kwanza isiendelee. Na dawa ya beseni la tatu huiyeyusha chumvi yote ambayo mwanga haukuigusa.

Kisha hufuata kuosha. Kazi ya kuosha haina uzuri wowote wa kumvuta mtoto. Picha imekwisha kutokea, uso wa bibi arusi unacheka ndani ya maji, na mtoto anayengojewa na wenzake uwanjani haoni sababu ya kuendelea kusimama. Lakini ile dawa ya mwisho haiiachi karatasi kwa hiari yake. Hujificha katika nyuzi, na isipotolewa kwa maji mengi na muda mrefu, huigeukia fedha ya picha ikaila polepole. Mjomba aliniambia mara nyingi kwamba karatasi nene hutaka maji yapitayo kwa saa nzima.

Siku moja Mjomba alikwenda Muheza kupiga picha za harusi, akaniachia picha moja ya kuosha. Ilikuwa nakala ya picha kuukuu ya mume wa bibi mmoja wa mtaani kwetu. Mume alikuwa amefariki, na picha ile ndiyo pekee iliyosalia. Niliiosha kwa dakika chache katika ndoo, nikaitundika, nikaenda zangu. Bibi aliipokea kwa machozi na dua nyingi. Ulipopita mwaka mmoja na kitu alirudi akiwa ameifunga katika pindo la khanga. Uso wa mumewe ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na upande wa shavu moja ulikuwa umekwisha kufutika. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mbele yake, "Ile siku ya Muheza, uliiosha kwa muda gani?"

Nikajibu, "Saa nzima, Mjomba."

Hakusema neno. Alimtaka bibi radhi kwa niaba ya duka, akachapa picha nyingine kutoka filamu aliyokuwa ameihifadhi, akaiosha mwenyewe, wala hakupokea hata senti. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na jibu langu.

Ufundi wa Mjomba ulikuwa na babu yake, na babu huyo ndiye aliye karibu zaidi na habari ninayotaka kuieleza. Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce, katika mwaka wa 1826 au 1827, alipaka lami nyembamba juu ya bamba la madini, akaliweka ndani ya sanduku lenye lenzi, akalielekeza nje ya dirisha la nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Lami hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu. Mahali ilipopigwa na nuru iligeuka kuwa ngumu, ikakataa kuyeyuka. Mahali ilipokaa kivulini ilibaki laini. Baada ya saa nyingi Niépce aliliosha bamba kwa mafuta ya mrujuani na mafuta meupe ya petroli. Lami laini iliondoka, ngumu ikabaki, na mapaa yakaonekana. Bamba lile lipo hata leo, limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin.

Tazama jinsi kazi ile ilivyogawanywa. Nuru haikuiondoa lami wala haikuileta. Ilichofanya ni kubadili tabia moja tu ya kitu: utayari wake wa kuyeyuka. Kazi ya kuondoa na kuacha ilifanywa na kimiminiko cha kuoshea. Kanuni hii ndogo ndiyo iliyojenga ulimwengu wa mitambo tunayoitumia. Kila kompyuta na kila simu ina kipande cha silikoni ambacho njia zake za umeme zilichorwa kwa namna hiyo: utando upigwao na nuru, kisha kuoshwa. Utando wenyewe si wa lami tena, ni wa plastiki zilizotungwa kwa akili nyingi, lakini Niépce angeingia katika kiwanda cha leo angeitambua kazi yake.

Sasa nizieleze chembe zenyewe. Kuna vitu vipitishavyo umeme kwa wepesi, kama shaba, na vitu viukataavyo, kama kioo. Kati ya hivyo viwili vipo vitu vya tabia ya kati, viitwavyo nusu-vipitishi, mathalani silikoni na selenidi ya kadimiamu. Katika vitu hivi elektroni hukaa kana kwamba zimo katika ghorofa ya chini ya nyumba, na juu yake ipo ghorofa tupu. Nuru yenye nguvu ya kutosha ikiingia, huipandisha elektroni ghorofa ya juu. Na elektroni ikianguka kurudi mahali pake, huweza kuirudisha nguvu ile kwa sura ya nuru mpya. Kimo cha ghorofa ndicho kiamuacho rangi: anguko dogo hutoa nuru nyekundu, anguko kubwa hutoa nuru ya buluu.

Katika kipande kikubwa cha kitu kimo hicho hakibadiliki. Lakini kipande kikipunguzwa mpaka kikawa na upana wa nanomita chache tu, mambo hugeuka. Ukiigawa milimita moja mafungu milioni moja, fungu moja ndilo nanomita. Katika nafasi finyu kama hiyo elektroni hubanwa, na kila inavyozidi kubanwa, ndivyo anguko lake linavyozidi kuwa kubwa. Wapigaji ngoma wa pwani hawatashangazwa na habari hii, kwani wanajua kuwa chapuo hulia juu na vumi hulia chini, ijapokuwa ngozi zake zimetoka kwa ng'ombe mmoja. Vivyo hivyo selenidi ya kadimiamu, iliyo kitu kile kile, katika chembe za nanomita 2 hivi hung'ara kwa rangi iliyo karibu na buluu, na katika chembe za nanomita 6 hivi hung'ara kwa rangi nyekundu.

Jambo hili halikufunuliwa na mtu mmoja. Alexei Ekimov, akifanya kazi Leningrad, alitia kloridi ya shaba katika vioo, akavichoma kwa joto na muda mbalimbali, na mwaka 1981 akatangaza kuwa rangi ya nuru inayomezwa na vioo ilifuata ukubwa wa chembe zilizokua ndani yake. Huko Marekani, katika maabara za Bell, Louis Brus alikuta tabia kama hiyo katika chembe za salfaidi ya kadimiamu zielezo katika kimiminiko, akaitangaza mwaka 1983. Miaka kumi baadaye, mwaka 1993, Moungi Bawendi na wanafunzi wake katika chuo cha MIT walipata njia ya kuzitengeneza chembe hizo zikiwa karibu sawasawa kwa ukubwa, kwa kuzimimina dawa kwa ghafula katika kimiminiko cha moto. Watu hao watatu walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Msomaji ajue kuwa chembe hizi hazitembei uchi. Katika chembe ndogo namna hii sehemu kubwa ya atomu zake zipo juu ya uso, na atomu ya usoni ni kama mtu aliyenyoosha mkono asipate wa kumshika. Mikono hiyo mitupu ikiachwa, huinasa elektroni iliyokuwa njiani kurudi, na nguvu yake hupotea kuwa joto badala ya nuru. Kwa sababu hiyo kila chembe huvikwa vazi la molekuli ziitwazo ligandi. Vazi lililo la kawaida sana hutokana na asidi ya oleiki, ambayo imo kwa wingi katika mafuta ya zeituni na ya karanga. Kichwa cha molekuli hushika uso wa chembe, na mkia wake mrefu wa kaboni kumi na nane huelea nje. Mikia hiyo hufanya kazi mbili. Huzizuia chembe zisigandamane, kama watu waliokunjua miavuli wasivyoweza kukaribiana sana. Na huzifanya ziyeyuke katika vimiminiko vya namna ya mafuta. Vazi, basi, ndilo liamualo chembe itakaa wapi, itayeyuka katika nini na itang'ara kiasi gani.

Televisheni nyingi zinazouzwa kwa jina la nukta za kwanta hazihitaji kuzipanga chembe zake kwa mchoro wowote. Chembe zimetandazwa katika karatasi moja nyuma ya kioo, na taa za buluu huziwasha zote pamoja. Lakini mtu akitaka kioo ambacho kila doa lake dogo ni chembe zenyewe, hapa nyekundu, hapa kijani, hapa buluu, kila doa likiwa jembamba kuliko unywele, sharti aziweke mahali pake na azizuie zisichanganyike. Njia ya zamani ilikuwa kuzitandaza chembe, kuzifunika kwa utando wa plastiki, kuuchora utando kwa nuru, kuuosha, kuziondoa chembe zilizobaki wazi, kisha kuuondoa utando. Na kuirudia kazi yote kwa rangi ya pili na ya tatu. Kila hatua ilikuja na dawa yake, na kila dawa ilivuta nyuzi za lile vazi. Mwishoni mchoro ulikuwa mzuri, lakini chembe zilikuwa zimevuliwa nusu, na mng'aro wake umefifia.

Mwaka 2017 Dmitri Talapin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza njia iliyouondoa utando kabisa. Fikira yao ilikuwa nyepesi kuieleza: kwa nini tutandaze kitu kingine kisikiacho nuru juu ya chembe, ilhali twaweza kulifanya vazi la chembe lenyewe lisikie nuru? Walizivika chembe mavazi ya ioni, wakayatia karibu yake molekuli zivunjikazo zikipigwa na miali ya urujuanimno. Katika namna mojawapo molekuli hizo zikivunjika huzaa asidi, na asidi hulibadili vazi, hata chembe iliyokuwa ikiyeyuka katika kimiminiko fulani haiyeyuki tena. Mahali pasipopigwa na nuru vazi halikubadilika. Ukiosha, chembe za kivulini huondoka, na za nuruni hubaki.

Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini wakaonyesha njia nyingine, ambayo hailivui vazi bali hulishona. Walichanganya na chembe kiasi kidogo cha molekuli zenye ncha kadhaa za azidi. Azidi ni kundi la atomu tatu za naitrojeni zilizojipanga mstari mmoja. Zikipigwa na miali ya urujuanimno, atomu mbili huondoka pamoja kama gesi, na ya tatu hubaki na njaa kubwa. Hushika chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni mikia ya mavazi. Ncha moja hushika mkia wa chembe hii, ncha nyingine mkia wa chembe ile, na chembe za jirani hufungamana kama pande za shuka zilizounganishwa kwa uzi. Vichwa vya ligandi havikuguswa, na kwa hiyo mng'aro huhifadhika.

Nikafika mimi katika kazi hii mwaka 2019, katika chuo kimoja cha ng'ambo, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili. Nilipewa njia ya asidi. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kushindwa, na kushindwa kwenyewe kulikuwa na mafunzo. Chembe zenyewe ni walaji wakubwa wa urujuanimno, hivyo utando ukiwa mnene, chembe za juu huimeza nuru yote, zile za chini zikabaki gizani. Ukiosha, kimiminiko huingia chini kwa chini kama maji ya bahari yanavyokula mchanga wa chini ya ukuta, na mchoro wote hung'oka. Nilipunguza unene. Kisha nikaongeza nuru kupita kiasi, asidi ikatambaa nje ya mipaka yake, na mistari ikavimba. Nilipunguza nuru.

Hatimaye, usiku mmoja, nilichora jahazi. Lilikuwa dogo kiasi kwamba punje ya mchanga ingelifunika, nalo lilikuwa na tanga, mlingoti na ubao wa chini, kila mstari ukiwa mkali. Nilizima taa, nikawasha ile ya urujuanimno chini ya hadubini, na jahazi likawaka kijani katika giza. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nifike nchi ile. Nilipiga picha nyingi, nikachagua ile iliyong'ara zaidi, nikaitia katika taarifa yangu.

Asubuhi profesa wangu aliitazama picha, akalisifu jahazi, kisha akauliza, "Mng'aro umebaki kiasi gani?"

Nikajibu, "Mwingi, Profesa."

Sikuwa nimeupima. Neno lile lilinitoka kwa wepesi, kama lilivyonitoka lile la saa nzima nilipokuwa mtoto, na mara nikasikia harufu ya chumba cha giza. Mtu hujidhani amekua, kumbe amebadili chumba tu. Jicho ni shahidi mbovu katika giza. Chochote kiwakacho hapo huonekana kinawaka sana. Kipimo cha kweli ni kuhesabu katika nuru iliyomezwa ni kiasi gani kilichorudishwa. Kazi hiyo hufanywa kwa tufe jeupe lililo tupu ndani, ambalo huikusanya nuru itokayo pande zote. Tufe lile lilikuwa katika chumba cha pili, nami nilikuwa nimelipita mara nyingi.

Usiku ule nilikwenda kupima. Nilipima utando kabla ya nuru, nikapima baada ya nuru, nikapima baada ya kuosha. Jahazi langu lilikuwa limebakiwa na chini ya theluthi ya mng'aro wake. Nilikaa na tarakimu ile kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyeniona, na taarifa ilikuwa na picha nzuri isiyodai jedwali. Nilijua vilevile kuwa mwanafunzi atakayekuja baada yangu angeisoma taarifa ile, angeiamini, angejenga juu yake, na miezi yake ingegeuka rangi ya chai.

Asubuhi nilimwambia profesa kuwa nilimjibu jambo nisilolijua, nikamwekea jedwali mezani. Alilisoma lote. Akasema, "Sasa tuna kazi ya kufanya," akavuta kiti.

Kazi ile ilitufunulia sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa katika asili ya njia yenyewe: asidi iliyolibadili vazi haikuwa na macho ya kujua iishie wapi, nayo ilipokwisha na vazi iliuma uso wa chembe. Ya pili ilikuwa yangu. Kwa kuogopa mchoro using'oke, nilikuwa nikiosha kwa haraka, na mabaki ya asidi yalibaki kati ya chembe, yakiendelea kula baada ya nuru kuzimwa. Tulirefusha kuosha, tukatia katika kimiminiko kitu cha kuituliza asidi, kisha tukazipa chembe ligandi mpya zishike ile mikono mitupu. Mng'aro ulirudi kupita nusu. Haukufika ulikoanza, na taarifa yangu ilisema hivyo. Haikupata sifa ambazo jahazi peke yake lingezipata, lakini waliokuja baadaye walijua mahali pa kuanzia.

Mwaka 2022 nilirudi Tanga, nikamkuta Mjomba mzee, macho yake yameingiwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Aliniuliza nilichokuwa nikisoma miaka yote hiyo. Tulikaa barazani tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, nami nikamweleza habari ya chembe na mavazi yake. Nilikuwa na hofu kuwa maneno yatanipungukia. Hayakupunguka. Nilipofika mahali pa nuru kubadili na maji kuondoa, alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jamaa yake. Kisha aliuliza swali ambalo sikuulizwa na msomi yeyote siku ya kuitetea kazi yangu: "Na zile chembe zinazooshwa zikaondoka, huenda wapi?"

Ni swali la fundi. Mjomba hakuwa akimwaga ovyo dawa ya beseni la tatu. Aliiweka katika dumu, kwa kuwa ilikuwa imeyeyusha fedha ndani yake, akamuuzia mtu aliyejua kuitoa. Kadimiamu haina bahati ya kuwa mali kama fedha, bali ni sumu, na sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu izidi asilimia 0.01 ya uzito katika sehemu za vifaa vya umeme, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Ndiyo sababu wengi hutumia sasa chembe za fosfidi ya indiamu badala yake. Nilimweleza kuwa tulikusanya maji yetu machafu katika chupa zenye alama. Nilimweleza pia kuwa chembe za kivulini, kwa kuwa vazi lao halikuguswa, zaweza kukusanywa na kutumiwa tena. Akasema, "Hapo vizuri."

Hapo nikaona siwezi tena kuendelea kuisifu kazi ya kuosha mbele ya mtu yule nikiwa na deni lake. Nikasema, "Mjomba, ile picha ya mume wa bibi, sikuiosha saa nzima. Niliiosha dakika chache."

Alicheka taratibu. "Nilijua," akasema. "Siku ile ya Muheza mtaa mzima haukuwa na maji tangu asubuhi. Niliporudi nilikuta ndoo moja tu imetumika. Ungeoshaje saa nzima kwa ndoo moja?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema utaniambia mwenyewe," akajibu. "Umechelewa kidogo."

Adhana ya magharibi ilisikika, nikamshika mkono tukaingia ndani.